Uzi Mguuni mwa Kinyonga wa Rukia

Nzuguni, Dodoma
Ijumaa

Dada yangu Hadija,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Busi, na kifua cha shemeji kimetulia. Sisi huku hatujambo, mimi na Rukia. Cherehani haikai bure, ila tangu mitumba ijae sokoni hakuna anayeshonesha gauni. Wote wanaleta suruali nizipunguze kiuno.

Sasa nikueleze habari za yule kinyonga mdogo uliyemruhusu mwanangu aje naye likizo, ndani ya kopo la mafuta. Watoto wa wenzangu walishuka kwenye basi wakawakimbilia mama zao. Wangu alishuka amekumbatia kopo, na neno lake la kwanza: "Mama wa Dodoma, usimtikise! Ni dume. Mama kasema."

Mama ndiye wewe. Mimi niliyemzaa nina jina la mji.

"Mama kajuaje?"

"Ana kikucha kisiginoni, mguu wa nyuma. Majike hawana."

Nikamweka juu ya meza ya kushonea, nikahesabu. Miguu ya nyuma miwili, uvimbe mmoja. Dume gani wa upande mmoja? Nikamsogeza dirishani. Uzi, dada! Uzi wa nailoni, umezama kwenye nyama, vidole vimeanza kuwa vyeusi.

"Nani alimfunga?"

"Mama alimfunga asipotee. Hakukaza sana."

Nilikata uzi kwa kimkasi changu cha kufumulia. Siku tisa nimemwosha mguu, asubuhi na jioni, kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Nimemhamishia kwenye tenga lenye vijiti vya chini, nikaviviringishia vitambaa asianguke. Maji namdondoshea kwenye majani, maana bakulini hanywi. Panzi watano kwa siku. Leo vidole vinashika tena. Uvimbe umekwisha, na dume lako limekwisha nalo.

Nilifurahi kupita kiasi, Mungu anisamehe. Nikamwambia Rukia, "Umeona? Mama yako Mkubwa alikosea."

Akanikazia macho. "Alikosea, lakini yeye hamcheki mtu."

Nikarudi kwenye suruali zangu.

Jirani yangu, aliyewahi kuwakamatia vinyonga wafanyabiashara wanaowapeleka nje, amekuja kumtazama huyu wetu. Anasema bado mchanga. Kama ni dume, shina la mkia litanenepa. "Ngoja miezi miwili." Rukia alikuwa uani anawinda panzi. Aliporudi akaniuliza, nikamwambia minne.

Akahesabu kwa vidole. "Basi nisome huku huku mpaka tujue."

Kwa hiyo nakuomba umwone mwalimu mkuu akuandikie barua ya uhamisho. Miaka sita umenilelea Rukia, dada, nilipokuwa nashonea watu kwa cherehani ya kuazima. Sijasahau. Lakini ile miezi miwili ya jirani usimwambie mtoto.

Mbusie mama yetu mkono kwa niaba yangu. Wasalimie shemeji na shangazi yetu mshona mikeka.

Mdogo wako,
Mama Rukia