Hukukataa Kwenda Nyumbani

Akoth,

Nimejaribu kuanza kwa upole, nimeshindwa. Nimekukasirikia tangu siku tuliyokuzika, na wewe ndiye mtu niliyezoea kumwambia nikikasirika. Sasa nimwambie nani? Kwa hivyo vumilia. Naandika kwa Kiswahili maana ndicho kilichokuwa chetu, wewe Mjaluo na mimi Mkuria, tangu siku ya kwanza uliponisukuma kwenye foleni ya kununua omena kwa wavuvi pale Mbita ukaniambia, "Songa, mama, hata mimi niko na watoto."

Ni kuhusu lile tairi la spea. Ndiyo, tena.

Unamkumbuka fundi wa pancha wa Suna, alipotoka chini ya pikapu yetu na vumbi kwenye nyusi? Alisema, "Hii raba imekufa, wamama." Akatuonyesha nyufa ubavuni, zimekauka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Akatusomea nambari nne zilizoandikwa pembeni, mbili za wiki, mbili za mwaka lilipotengenezwa. Nikapiga hesabu nikakuta hilo tairi limemzidi umri lastborn wangu, na yeye yuko gredi ya saba. Wewe ukainama, ukavuta kale kaunywele ka raba, ukacheka. "Boke, angalia, hata nywele za dukani bado iko nazo. Haijawahi kukanyaga barabara."

Mara ngapi tulibishana juu ya hilo? Kutoka Mbita mpaka Migori, omena inanuka nyuma, mimi nasema raba inazeeka hata ikikaa, wewe unasema tutabadilisha ikishatumika. Nikakwambia ikitumika ndipo tutajua tumechelewa. Ukawasha redio. Mwisho ukakubali: watoto wakirudi shule, tutanunua. Nilifurahi. Nilidhani nimeshinda.

Halafu ile homa. Siku nne tu, Akoth. Watoto walikuwa hawajarudi shule.

Sasa nikuambie yaliyotokea, kwa sababu ulikuwepo na hukuwepo.

Tulikuchukua mochari Homa Bay siku ya Jumamosi, Sabato yangu. Nilivaa nguo ya kanisa, nikaketi mbele na shemeji yako Ouma, maana mikono yangu ilikuwa inatetemeka, sikuweza kuendesha. Mama mkwe wako, Dani, alikataa kukaa mbele. Alisema hawezi kukuacha peke yako, akaketi nyuma na wanawake wengine, kiganja juu ya jeneza. Nilishangaa. Mwanamke aliyekununia miaka mingi kwa sababu ulishika usukani badala ya jembe!

Pale kwa petroli Ouma akaniuliza, "Boke, spea iko sawa?"

Wajomba zako walikuwa wamesimama hapo wakisikia. Ningesema nini? Kwamba huyu tunayempeleka alikuwa kichwa ngumu? Sikutaka neno lolote baya lisemwe juu yako siku hiyo. Nikafungua mdomo, na maneno yako yakatoka. "Haijawahi kukanyaga barabara."

Tulipoacha lami, jiwe likachoma gurudumu la nyuma. Ouma akalibadilisha haraka, akasifu ile spea, kashata zake, yale meno ya raba, nzima. Hatukufika mbali. Kilisikika kishindo kama cha bunduki, pikapu ikayumba, ikaingia mtaroni kwa upande. Jeneza likateleza likambana Dani kwenye ubao. Hakulia. Mkono wake ulikuwa umeinama mahali ambapo mkono hauinami.

Wengine walikuwa wazima, asante Mungu. Lakini unajua watu wetu. Kabla vumbi halijatulia, mjomba wako mkubwa alishasimama kando ya jeneza akikusihi kwa Dholuo. Niliomba nitafsiriwe. Alikuwa anasema, tulia binti yetu, kama kuna mtu amekukosea atasema, tufikishe salama. Matairi mawili kwa safari moja! Kila mtu akasadiki kwamba umekataa kwenda nyumbani kwa marehemu mume wako. Na macho yote yakamwendea Dani.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na kiatu kimoja. Nilijua. Sikusema.

Lori la mchanga likakubeba mpaka Magunga, bomani kwa Dani. Dani alifungwa mkono kwa leso, akakataa hospitali mpaka udongo ukufunike. Katekista alikuwa amesubiri hata nyimbo zikaisha akazianza upya. Tukakuzika jua likielekea kuzama, watu wakinong'ona.

Kwa hivyo nimekasirika. Na wewe kwa ubishi wako, na mimi kwa mdomo wangu, na lile tairi, na hata fundi, eti kwa nini hakulikatakata siku ileile! Nilinunua spea mpya Suna. Muuzaji alinitolea moja iliyotumika, inang'aa, nafuu, nikasoma nambari, nikairudisha. Sasa Ouma, ambaye ndiye ananisaidia kuendesha, anataka hiyo mpya tuivalishe mbele kwa sababu chini ya gari "inakaa bure." Mdomo wako umehamia kwake. Nimemwambia siku raba ya mbele ikiisha tutanunua nyingine, na hii itakaa bure mpaka umri wake uishe, nayo itolewe hata kama ina nywele zote. Amenuna. Acha anune.

Lakini uzito haukutoka. Habari za Magunga zilinifikia sokoni: Dani hali vizuri, Dani anasema umemkataa. Wiki iliyopita nikapakia lile tairi lililopasuka, nikaenda. Nililiviringisha mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Alinitazama kama mtu aliyeletewa mzoga.

Nikamwambia yote. Tulivyobishana, fundi alivyosema, nilivyoulizwa pale kwa petroli na nilivyojibu. Kiswahili chake ni kidogo, nikarudia polepole. Alipitisha vidole vya mkono mzima juu ya zile nyufa, moja moja. Kipande cha raba kikabanduka kikabaki mkononi mwake.

"Kwa hivyo Akoth hakunikasirikia?"

"Hapana, Dani. Ni raba ilizeeka."

Akaketi chini kwenye kizingiti, na hapo ndipo alipolia, Akoth. Kilio cha mazishi ambacho hakukitoa siku ile. Nililia naye. Alipomaliza akaniambia, "Nyathina, mwanangu, mkono utapona. Lakini wewe ulikaa kimya siku hizi zote, mimi nikiwa hapa." Ninalala na neno hilo hata sasa.

Jioni alimwita mjomba wako na majirani, akanifanya nirudie mbele yao. Wengine hawakuamini. Mmoja akasema hata tairi linaweza kutumwa na marehemu. Nikachoka kabisa. Dani akamwambia, "Basi njoo uishike," na hakuja.

Jumatano nampeleka Homa Bay akatolewe plasta. Amekubali kuketi mbele. Nakuahidi kabla hatujatoka nitalala chini ya gari na kipimo cha upepo, nguo nzuri au la. Na akiniuliza jambo lolote njiani, liwe la gari au lako, nitamjibu lilivyo.

Pumzika sasa. Nitaendelea kukukasirikia kidogo, maana ndiyo namna niliyojua kuzungumza nawe. Ila Jumatano nitaendesha mimi. Mikono imeacha kutetemeka.

Oriti, Akoth.

Boke wako