Mipigo Miwili ya Ngoma Kubwa

Jumatatu, 16 Juni. Jinja.
Nimekaza ngozi ya ngoma kubwa, kama kila asubuhi. Ngoma hii nimeipiga mbele ya marais watatu. Mmoja aliniita kwa jina. Saidi, mtoto wa marehemu mdogo wangu, yuko Mbale anawafundisha wazee wa bendi yetu ya zamani ya jeshi muziki aliotunga. Si wa kucheza. Wa kukaa na kusikiliza. Jumamosi nami nitapiga nao, na anakuja mwalimu wa muziki kutoka Kampala. Akiupenda, Saidi anakwenda kusoma ng'ambo. Asipoupenda, anarudi kupima vitambaa dukani kwa Mhindi.

Alhamisi, 19 Juni.
Saidi kaniletea karatasi ya muziki wake kwa mkono wa dereva wa basi. Nukta na mistari. Nimejibu nimeisoma yote, haina kosa. Sisi tulisoma kwa masikio.
Dereva kasema sehemu ya pili ni ya kumkumbuka baba yake, tarumbeta peke yake. Ramadhani alikuwa mpiga tarumbeta. Vita ilipofika kwenye daraja la hapa Jinja alitoka kutafuta sukari, hakurudi. Basi. Sijamlilia mpaka leo.

Jumamosi, 21 Juni. Mbale.
Vizuizi njia nzima. Askari akauliza ngoma ina bunduki ngapi ndani. "Mia, afande." Hakucheka. Nikakalishwa kwenye nyasi hadi adhuhuri.
Nimefika ukumbini watu wameshakaa. Mazoezi hakuna. Saidi akaninong'oneza, "Baba mkubwa, nikikutazama piga mbili, kwa nguvu." Nikamwambia asinifundishe, marais wananijua.
Muziki ulikuwa mzuri. Akanitazama. Nikapiga mbili.
Sasa, katika bendi ya jeshi, ngoma kubwa ikipiga mbili namna ile, wote mnanyamaza. Tulifundishwa kwa kiboko. Mkono wangu ulishuka kabla ya kichwa kukumbuka. Wazee wakashusha vyombo magotini, wote kwa pamoja. Saidi hajawahi kuvaa gwanda, angejuaje. Akabaki na mkono hewani. Mzee wa tarumbeta, wa ile sehemu ya pili, alikuwa hajapuliza hata kidogo.
Mwalimu akasimama, akapiga makofi. "Fupi," akasema, "lakini imekamilika."
Amemchukua.

Jumapili, 22 Juni.
Tumerudi. Saidi hakumwambia mwalimu kwamba muziki ulikatika katikati. Nilitaka kuona vibaya. Hakuna kitu. Kama mkono uliolaliwa.

Alhamisi, 10 Julai. Jinja.
Anaondoka kesho. Mtaani nimeshasema mwalimu alilia, na mawaziri wawili wakalia naye.
Jioni Saidi alitoa tarumbeta ya baba yake, akakaa nyuma ya nyumba, akapiga ile sehemu ya pili. Ni ndefu. Nilikaa naye, ngoma mbele yangu, fimbo mkononi.
Mara moja alinitazama.
Sikupiga. Akaendelea.