Ruhusa ya Arobaini Yako

Bi Zuhura,

Shikamoo. Najua huitikii, ila mdomo umezoea. Juzi baada ya chakula cha mchana nilisinzia mezani nikakuota. Umeingia ofisini na kanga yako ya njano, miguu haitoi sauti, ukaenda kupapasa ukuta pale ilipokuwa kalenda yako. Nikataka kukwambia wameitoa, nikazinduka. Nikalia, sikufichi.

Wale walionunua kiwanda wameleta kompyuta, zimeungwa kwa waya, na kalenda sasa imo humo ndani. Kila mtu anaandika likizo yake mwenyewe na wenzake wote wanaiona papo hapo. Ungecheka wewe! Wewe uliyekuwa ukitupanga kwa penseli za rangi, kijani likizo, nyekundu ugonjwa, nyeusi msiba, na kutufokea: "Wote mkienda Desemba, kiwanda nikiendeshe mie na paka?" Umeme ukiwepo naitazama mpaka najisahau. Mwaka mzima umelala pale, buluu tupu, umetulia kama bwawa, nami nangoja wewe uibuke mahali.

Ila kwenye msiba imebana. Inauliza amefariki nani, na inakubali baba, mama, mwenzi na mtoto, basi. Wewe hukuwa unauliza. Mie mgeni kutoka Songea nilikuja kwako nimefiwa na jirani tu, ukachukua ile nyeusi: "Nenda kazike, mengine tutayaona."

Arobaini yako ikaangukia Alhamisi, siku ya kazi. Kilichoninyima raha ni yale maneno yako tukinywa chai: "Mie sikuzaa, Anselm. Hitima yangu watakuja majirani kula pilau, basi." Ulicheka, lakini macho niliyaona. Nikaapa utakuwa na mtu wako pale. Nikamwendea meneja mpya. Akauliza, ni nani wako? Nikasema, alinifundisha kazi. Akasema hiyo haimo.

Lo, nilirudi mezani nimefura! Nikafungua kalenda, Alhamisi, nikaandika nimefiwa na mama. Nikaenda kunawa uso. Kurudi, chini ya jina langu yupo Athumani wa stoo: mama. Mara Hadija wa mishahara: mama. Majina yakawa yanatokea moja moja, polepole, kama watu wanaoingia msibani wakitafuta pa kukaa. Hata Mzee Likwata dereva, aliyekuzidi umri na kompyuta hajawahi kuigusa, alimwomba Hadija amwandikie.

Meneja akatoka chumbani kwake. "Nyie wote ndugu?"

"Tumbo moja, bosi," akajibu Mzee Likwata.

Hakuna aliyecheka. Meneja akarudi ndani bila kufuta jina hata moja.

Alhamisi Tandika kwako hapakutosha. Mie Mkristo nilivaa kofia ya kuazima, ikinishuka mpaka kwenye nyusi. Kabla ya dua, ustadhi akauliza watoto wa marehemu wako wapi, wasogee mbele.

Tulisimama wote, Bi Zuhura. Ikabidi majirani watupishe.

Sasa nakuahidi kaburi lako halitaota majani. Tutapalilia kwa zamu, na zamu tumeziandika humo humo kwenye kalenda. Meneja anaziona, hazifuti.

Haya, pumzika, mama.

Mwanao,
Anselm