Halua Haendi Bila Marahaba

Babu yangu,

Shikamoo. Naiandika nikijua huwezi kuiitikia, na hapo hasa ndipo penye tatizo langu lote. Nitakueleza. Lakini kwanza nikwambie kwamba nimekukasirikia, na sikujua kama mtu anaweza kumkasirikia marehemu. Mama anasema si vizuri. Basi nnaandika badala ya kusema. Unanijua, mimi kusema huwa sisemi.

Unakumbuka siku aliyoletwa Halua. Ile hoteli ya kaskazini uliyokuwa ukiishonea makochi ilifungwa, mwenyewe akarudi kwao, na katika vitu vilivyobaki alikuwamo farasi mdogo, hanifiki kifuani, aliyekuwa akichezewa na watoto wa wageni. Wakakuuliza kama unamtaka. Ulimleta Mji Mkongwe nyuma ya pikapu, katikati ya magodoro, na majirani wote wakatoka. Mzee Haji, rafiki yako wa baraza ya ng'ambo ya duka lako, akakuuliza, "Mbuzi gani huyo, mbona hana pembe?"

"Huyu farasi," ukamwambia. "Mbuzi wewe, mwenye ndevu."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nacheka peke yangu. Ukamwita Halua kwa ajili ya rangi yake. Baadaye tukaona jina linamfaa kwa sababu nyengine. Akinata mahali, hang'oki.

Kila siku nikitoka skuli nilimtoa uani, nikamshika kamba kwa mbele, tukaja dukani kwako kwa vichochoro. Duka lilikuwa karibu, lakini njia nzima ni baraza, na kila baraza ina wazee wake. Wewe ulijua nnavyoziogopa. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nazunguka njia ya mbali ili nisipite mbele ya watu, ukanikamata mkono ukaniambia, "Mtu hapiti kama paka. Simama, amkia, ngoja uitikiwe, ndo uondoke." Nikawa nafanya, lakini sauti yangu ilikuwa haifiki hata kwenye viatu vyao. Nikiwa na Halua ikawa rahisi. Watu walimtazama yeye, hawakunitazama mimi. Nikisimama anasimama, naamkia, wanaitikia, tunaondoka. Baraza kwa baraza mpaka kwako, na marahaba yako ikawa ya mwisho, ile ndefu, unaivuta kama kitambaa kutoka kwenye jora. Kisha unampa ganda la tikiti.

Wewe ndiye uliyesema Sikukuu hii Halua avute kigari cha watoto. Ulianza kumshonea mikanda kwa ngozi iliyobaki ya makochi. Ukaniambia kabla ya gari lazima ajifunze kwenda mbele yangu hivi hivi, bila kuvuta kitu, mimi nikiwa nyuma yake nimeshika hatamu ndefu mbili zinazopita ubavuni mwake.

"Kwani punda si wanavutwa kwa mbele?" nikakuuliza.

"Ukimvuta kwa mbele atakufuata wewe tu. Hatajua kwenda."

"Nyuma hanioni, Babu."

"Ndo atakusikia."

"Mimi hanisikii mtu."

Ukacheka mpaka sindano ikakuponyoka. "Basi mtafundishana," ukasema.

Hukutufundisha. Wiki hiyo ulilala, hukuamka. Mikanda ilikuwa mezani na uzi wake bado una sindano. Mama akaimaliza kwa cherehani ya nguo, ndo maana mshono mmoja umekwenda upogo. Umeniachia mikanda, Babu. Maneno hukuniachia.

Baada ya hitima Baba akanikalisha kitako. Alisema uani kwetu pana karo la kufulia na kamba za nguo, si mahali pa farasi, na kwamba yuko mtu wa Mkokotoni mwenye nyumba ya wageni anamtaka. Nikamuuliza wa kufanyia nini. "Kupigwa picha," akasema. Yaani kusimama juani tangu asubuhi na utepe shingoni. Machozi ndiyo yaliyosema. Baba akalainika kidogo. Akasema kabla ya Sikukuu atatoka na sisi. Halua akienda mbele yangu mpaka msikitini na kurudi, bila mtu kumvuta kichwa, atabaki. Akishindwa, anakwenda Mkokotoni.

Basi nikaanza, na Ramadhani nayo ikaingia. Nilitazama video za Kiingereza kwenye simu ya Mama. Kiingereza chao nakielewa vizuri, na hilo halikunisaidia. Yule mwanamke wa kwenye video anasema neno moja tu, farasi wake anaondoka kama maji ya mfereji. Mimi nilisema neno lile lile, Halua akanigeukia akanitazama kama muuza duka aliyesemeshwa lugha asiyoijua. Nikasema "twende." Nikabana ulimi ukalia. Nikampiga hatamu taratibu ubavuni. Yeye alitaka kuniona uso. Nikienda nyuma, anageuka. Nikizunguka, anazunguka. Tunazungukana uani kama watu wanaotafutana, mpaka hatamu zikajifunga kwenye kamba za nguo na kanzu ya Baba ikaanguka karoni. Mama akatoka jikoni, akaitazama kanzu, akanitazama mimi, akarudi jikoni. Ingekuwa afadhali angegomba.

Kosa jengine lilikuwa la mikono yangu. Nilikuwa navuta sana kwa hofu, na kila nikivuta anainua kichwa na kurudi kinyumenyume. Hilo nililijua mwenyewe baada ya kulia. Nikazishika hatamu kama mtu anayeshika mkono wa mtoto, na siku ile akaenda mbele, ukuta mpaka ukuta, bila kugeuka. Nilitaka kukimbia dukani kukwambia. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka.

Lakini vichochoroni ndo akaniaibisha. Tukitoka tu anasimama. Nikimwambia aende, haendi, kisha ghafla anaondoka bila kuambiwa, mimi namfuata mbio na baibui langu mkononi. Watu wakasema, "Leo nani kamtoa mwenzake matembezini?" Nikaamini ni mkaidi. Niliwahi kumwambia sikioni kwamba Mkokotoni ndiko kunakomstahiki. Nilikuwa nimefunga, nina kiu, nimechoka kuchekwa.

Siku moja tukapita mbele ya Mzee Haji. Nikamwamkia kama kawaida. Alikuwa kwenye simu na mtoto wake, anagombea bei ya ndizi za futari, hakunisikia. Halua akasimama. Nikambembeleza, nikabana ulimi, nikatikisa hatamu. Hata sikio hakutingisha. Watu wamejaa njia nzima, wote wametoka kununua futari, na mimi nimeziba kichochoro na farasi kama kabati lililokwama mlangoni. Hatamu ikanizunguka mguuni, nikainama kuitoa. Mzee Haji akamaliza simu yake, akaniona, akasema, "Ah, marahaba, mwanangu."

Halua akaondoka. Akaondoka na mguu wangu.

Nikiwa chini, kanga ya mtu imeniangukia kichwani, ndo nikaelewa. Nilirudi nyumbani nachechemea. Nikamwingiza Halua uani, na bado anatembea, nikasema "Shikamoo" kwa ukuta. Akasimama tisti. Nikaita jikoni, "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Leo umeniamkia mara ngapi?"

Halua akaenda.

Unaona tulichofanya, Babu? Siku zote zile nnamleta kwako, tulikuwa tunamfundisha na hatujui. Nikiamkia, tunasimama. Mkubwa akiitikia, tunaondoka. Farasi wa watu wengine wanaendeshwa kwa Kiingereza, wangu anaendeshwa kwa adabu. Na nusu ya adabu hiyo si yangu. Kumsimamisha naweza, neno la kumsimamisha ni langu la kila siku. Neno la kumwendesha ni la wakubwa. Mimi ndiye mdogo wa mtaa mzima, hakuna anayeniamkia. Nitasemaje marahaba njiani, mbele ya watu wazima, na hakuna aliyeniamkia? Ni kama kukaa kwenye kiti chao.

Nilijaribu kumsahaulisha, nikamfundisha "twende" upya kila alasiri. Wapi. Nikasema marahaba kwa kunong'ona, akageuza sikio tu, kama mtu anayesema, sema vizuri.

Alhamisi iliyopita Baba akasema haya, leo. Tukatoka baada ya alasiri, Halua mbele, mimi nyuma yake, Baba nyuma yangu. Nilikuwa na hesabu yangu moja: nitaamkia kila baraza, wataitikia, tutafika. Na kweli ikawa hivyo. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka msikitini. Nikamgeuza kwa hatamu ya kulia, polepole, akageuka kama bibi harusi. Nikamsikia Baba anasema peke yake, "Kumbe."

Kurudi tulishika njia nyengine, ya kwako. Duka limefungwa tangu ulipoondoka. Baraza yako tupu, na hakuna mtu wa kuamkiwa, kwa hiyo sikuamkia, nikapita kimya. Halua akasimama.

Sikumwambia asimame, Babu. Alisimama mwenyewe, pale pale ulipokuwa unaweka miguu, akaelekeza kichwa mlangoni. Nikamwambia twende. Nikabana ulimi. Nikalegeza hatamu, nikazikaza, nikazilegeza tena. Nikawaamkia Mzee Haji na wenzake ng'ambo ya pili, wakaitikia, lakini Halua alikuwa anaungojea mlango wako. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na Halua kwa kunata, na Baba kwa sharti lake, na wewe zaidi, kwa sababu ulikuwa unajua kusema neno moja na hukuwapo kulisema.

Baba akasogea. "Basi, mwanangu. Tumeshaona," akasema kwa upole, akanyoosha mkono amshike Halua kichwani.

Sijui ilitokea wapi. Nilifungua kinywa ikatoka yako, ile ndefu, naivuta kutoka kwenye jora mpaka ukutani ikarudi, "Marahabaaa."

Halua akaenda.

Nyuma yangu nikamsikia Mzee Haji. "We mtoto, nani kakuamkia wewe?"

Sikugeuka. Ningegeuka ningekufa. Lakini nilimjibu, na nikasikika, maana kichochoro chote kilikuwa kimya. "Sijaamkiwa mimi. Nimemwitikia Babu."

Tukaenda mpaka nyumbani, Halua mbele, mimi nyuma yake, na kila nikisikiliza kama Baba anakuja namsikia anaburura viatu. Mlangoni akatoa simu, akampigia yule mtu wa Mkokotoni, akamwambia asijisumbue. Akajifuta uso kwa kofia yake. "Lakini umfundishe neno jengine," akaniambia. "Kila siku kunisikilizisha sauti ya babangu, sitaweza."

Kwa hiyo nnamfundisha neno jengine. Hajui. Kesho kutwa Sikukuu, kigari kipo, watoto wa mtaa wameshagombania nani atakaa mbele, na farasi bado hajui "twende." Mzee Haji sasa kila tukipita ananitangulia yeye, "Shikamoo, Bi Mkubwa," watu wanaangua kicheko, na Halua anasimama, na mimi lazima nimwitikie ama tulale pale. Ndivyo nnavyoishi. Mimi, niliyekuwa nazunguka njia ya mbali.

Hasira zangu hazijaisha, Babu. Ungeniambia tu. Ungekaa siku chache zaidi, ukamfundisha wewe. Mikanda yako inamkaa vizuri, hata ule mshono wa upogo.

Pumzika. Akisimama pako, nitakuitikia.

Mjukuu wako, wa nyuma ya farasi.