Mtani Havai Barakoa

Mpendwa binamu,

Wanabishana tena kuhusu mpaka. Kuna ugonjwa umezuka ng'ambo ya ziwa, Kongo, na wanaotoka bandarini Kasanga wanasema maboti yanashusha abiria kama kawaida. Jumapili, baada ya misa, mwenyekiti wetu wa mtaa hapa Pito aliitisha mkutano, tuseme kama tunataka serikali ifunge bandari na njia ya Zambia. Nilikukumbuka kwa hasira. Ubishi huu tuliuanza mimi na wewe, ukaondoka kabla haujaisha.

Ule mwaka wa korona, kwenu Mbala, Zambia, walifunga, kwetu wakaacha wazi. Ulinipigia simu kunisimanga. "Mke wangu," ulisema, maana hukuwahi kuniita jina langu hata mbele ya mume wangu, "nyumba yenye mgonjwa hufungwa mlango. Nyie Wafipa mnasubiri nini?" Nikakujibu kwamba anayefunga mlango ni yule aliyeshiba, na maharage yangu yanadoda kwa kukosa wanunuzi wa kwenu. Ukasema nisijali, utakuja kuyala bure msibani kwangu. Tulicheka sana. Mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba wasipotaniana, nani wataniane?

Kisha baba akafa. Alikohoa siku chache, pumzi ikawa fupi, akakata roho. Hakuna aliyetamka jina la ugonjwa. Tulisema kifua.

Nilikupa taarifa kwa kuwa alikuwa mjomba wako, nikakuambia ubaki huko huko, mpaka umefungwa, ukoo utaelewa. Asubuhi ya mazishi ukatokea uani na baiskeli yako, matope hadi magotini, umepita porini. Wewe uliyekuwa unanihubiria kufunga mlango! Nilipokuuliza ulisema, "Mpaka ni wa serikali. Mjomba ni wangu."

Kaburi lilipokuwa tayari uliruka ndani ukalala chali. Ukatangaza kwamba mzee huyu alikunyima mke, basi leo haingii humu mpaka ulipwe jogoo. Watu waliokuwa wamejiinamia walicheka. Mama yangu, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu msiba uanze, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaomba uji. Muuguzi wa zahanati akakusihi uvae barakoa aliyokupa. Uliitia mfukoni. "Mtani aliyefunikwa mdomo ni wa kazi gani?" Ukapita ukimkumbatia kila mfiwa, ukanywa pombe ya ulezi kibuyu kimoja na wazee.

Nilifurahi, binamu, siwezi kukuficha. Ulitufanyia kazi yako na uliifanya vizuri. Na ndiyo iliyokuua.

Hata arobaini ya baba haijafika, mkeo akapiga simu kwamba umetutoka. Nilikwenda hadi mpakani, Kasesya. Askari wa upande wenu, kijana mdogo, aliniamkia shikamoo, kisha akasema hairuhusiwi. Nikamwambia marehemu ni mtani wangu, lazima nikamtukane kaburini. Akatazama chini. "Rudi tu, mama." Ningeweza kupita porini kama wewe, njia ile hata mbuzi wanaijua. Niliogopa, nikarudi. Mkeo aliniambia walikuzika watu wanne waliovaa glavu, hakuna aliyesema neno. Wewe, kuzikwa kimya! Nililia zaidi ya nilivyomlilia baba.

Kwa muda mrefu nilimchukia yule askari. Siku hizi simchukii, maana wanao wako hai, na huenda ni kwa sababu alinizuia nisiwapelekee ugonjwa. Sina hakika. Mpaka leo sijui ulikuwa na haki uliponihubiria au ulipokuja, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Mkutanoni mume wangu alinibinya mkono ninyamaze. Binti yetu wa mwisho ameolewa Mpulungu, huko huko kwenu, ana mimba ya kwanza na ananisubiri. Wenye maduka walisema mpaka ukifungwa tutakula nini, na hawakusema uongo, mimi mwenyewe nauza maharage. Nilisimama nikasema wafunge. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Na misiba je, mama?" Nikakaa.

Jioni nilimpigia binti yangu. Nikamwambia nisipofika atajifungulia mikononi mwa mama mkwe wake, ni mwanamke mwema. Nikaona nimalize yote.

"Na ukisikia nimekufa wakati wa ugonjwa, usije."

"Mama! Nisipokuzika nitakuwa mtoto gani?"

"Aliye hai," nilimwambia.

Akakata simu. Hajapiga tena.

Leo sina utani, binamu. Pumzika.

Mimi,
binamu yako wa Pito