Namba 88 Si Dawa ya Vestine

Ubelgiji, Machi 1999

Yaya Consolata, dada yangu mkubwa,

Natumaini hapo Mbugangari mnaamka salama, na kifua cha mama kimetulia. Mimi ni mzima, ila nina kinyongo, na leo utanivumilia.

Juzi kwenye simu uliniambia mambo matatu kwa pumzi moja: kwamba mdogo wetu Vestine ameacha vidonge vyake vya kifafa tangu Krismasi, kwamba ameanguka pale mpakani, Petite Barrière, katikati ya foleni, nyanya zake zote zikakanyagwa, na kwamba nimpe padri anayekuja huko "ule unga" wa namba 88. Nilipokataa ukanifokea: "We Dativa, umekuwa muzungu sasa? Dawa iko mu mikono yako, na mudogo wetu anaanguka!" Simu ikakatika. Ninajibu sasa.

Kosa la kwanza ni langu. Desemba niliwaandikia kwamba namba 88 imefanya maajabu. Wewe ukaisoma barua mbele ya watu wa maombi, wakaimba, na Vestine akaona vidonge vya zamani vya nini tena. Bon. Sikuwa nimewaeleza vizuri kazi yangu.

Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana. Kila chembe yake ina vimlango, na kimoja ni cha potasiamu. Potasiamu ikitoka, chembe inatulia. Isipotoka vizuri, chembe haitulii, na mtu anaanguka. Sisi tunatafuta kitu cha kukifungua kimlango hicho. Hatumpimi mtu, Yaya. Tunapima yai la chura, tulilolifanya liote vimlango kama vya binadamu. Ninalichoma sindano mbili nyembamba kuliko unywele, ninadondosha kemikali, ninasoma umeme: ukipanda, kimlango kimefunguka. Vyura wenyewe asili yao ni kusini mwa Afrika. Wenzangu hunitania: "Binamu zako wamefika." Nami huwajibu: "Hao walipata viza kabla yangu."

Tangu nianze nimepima kemikali mia mbili na kumi na nne. Tisa zilipandisha umeme. Namba 88 iliupandisha karibu mara mbili, ndiyo nikakimbilia kalamu.

Sasa sikia. Kemikali hizo huyeyushwa kwanza katika kimiminika fulani, na kila siku inabidi udondoshe kimiminika hicho peke yake, uone kama nacho kinaleta kitu. Mkuu wetu wa maabara alituamuru tuache kipimo hicho ili tuokoe mayai na muda. Nilimkumbusha mara mbili. Mimi niliyejisomesha kwa kuuza sambaza, visamaki vya ziwani, najua kukagua mizani kabla ya kupima! Januari nikafanya bila kumwuliza: kimiminika kitupu cha chupa ile ile iliyoyeyushia namba 88, mayai kumi na mawili. Umeme ukapanda vilevile. Donc, kumbe namba 88 haikuwa imefanya lolote. Namba 88 ilipokuwa nzuri, jina lililosomwa kwenye mkutano wa wataalamu lilikuwa la mkuu. Ilipoanguka, ikawa "kosa la yule fundi Mwafrika." Hilo nitapambana nalo mwenyewe.

Lakini hata ingekuwa kweli, unga ule haujaingia tumboni mwa panya hata mmoja. Hakuna ajuaye kama unaua ini. Baada ya yai kuna panya, baada ya panya watu wenye afya, kisha ndiyo wagonjwa. Miaka kumi, tukibahatika. Padri hatabeba kitu.

Nimemwuliza daktari wa hapa. Usipoteze hata siku moja: mpeleke Vestine kwa muganga wa hospitali aliyemwandikia vidonge, aanze tena kwa kiasi atakachopewa. Asimeze viwiliviwili kufidia siku zilizopita. Najua vinamsinzisha, anasema vinamfanya mjinga mbele ya wateja. Nimehesabu, Yaya: miaka sita ya vidonge, alianguka mara mbili. Tangu Krismasi, kwa maneno yako mwenyewe, mara tano. Na ziwani asiende kuoga peke yake.

Nisalimie mama, mwambie namwombea. Nisalimie shemeji, mume wako, dereva asiyependa kuandika, na mama mkubwa Speciosa aliyenifundisha kuuza.

Vestine atanuna, namjua. Atasema nimemnyima. Mwambie ana ruhusa kuninunia miaka yote hiyo kumi, mradi awepo wa kununa.

Mdogo wako,
Dativa