Delphine Peart: Mama Hakuvunja Santuri Zako

Delphine, mwaka umetimia tangu Bwana akuite asubuhi ile ya Jumapili, nasi hapa Huddersfield, Uingereza, bado tunaitazama simu kila baada ya ibada. Ulikuwa hukosi kupiga. Hata ukiwa kwenye hoteli za Ujerumani ulimuuliza Mama, "Mahubiri yalikuwaje? Nani alisinzia?" Naye alikutajia waliosinzia wote, kwa majina.

Tunakumbuka ukarimu wako. Msichana mmoja wa kuitikia nyimbo zako alikuja jukwaani akitetemeka kwa baridi, ukamvika koti lako la manyoya na hukulidai tena. Ulivua viatu kabla ya kuimba. Ulisema muziki wa soul haumpandi mtu aliyevaa visigino. Uliimba hivyo miaka mingi, na watu wasiojua hata mtaa wetu walilia kwa sauti yako.

Lakini, mdogo wangu, liko jambo linalotuuma. Leo tunalisema mbele ya watu, kwa sababu nawe ulilisema mbele ya watu.

Kila ulipohojiwa ulisimulia kwamba Mama, kwa kuogopa dhambi, alizivunja santuri zako kwa nyundo ulipokuwa msichana mdogo. Haikuwa hivyo. Wewe mwenyewe uliziacha juu ya jiko la mafuta ya taa lililokuwa likitupasha joto sebuleni, zikajikunja kama majani ya kabichi. Mama alizilaza chini ya Biblia kubwa, akaongeza sufuria la chuma juu yake, akapiga magoti. "Bwana, zinyooshe," aliomba, "mtoto huyu atalia mpaka lini?" Zilipokataa kunyooka, alikaa nawe jikoni akakufundisha nyimbo zile moja moja kwa mdomo wake, yeye sauti ya chini, wewe ya juu. Huyo ndiye mwalimu wako wa kwanza.

Hadithi yako ya nyundo ilipofika kanisani, walimtania. "Kumbe una nyundo, Dada Icilda!" alisema Dada Inez. "Na chupa ya achari unaniletea mimi nikufungulie!" Mama alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Nilikuja kukuuliza. "Delphine, kwa nini unamsingizia Mama?"

"Kaka Lascelles, nawe! Watu wanapenda kulia kidogo kabla ya kucheza. Mama mwenyewe anaujua ukweli."

"Wewe unaimba, unaondoka. Yeye ndiye anayebaki hapa na watu hawa."

Ukaahidi kwamba utakapoimba kwenye ukumbi wa mji wetu, utasema ukweli mbele ya wote.

Tulimketisha Mama safu ya mbele na kofia yake nyeupe. Ulipofika katikati ya onyesho ukasimulia nyundo ile ile, tena ukamwonyesha kwa kidole. Ukumbi mzima ukaguna. Mama akakupungia mkono. Ndani ya gari alisema tu, "Ameimba vizuri."

Tulikuamini, Delphine. Ukatuuza kwa makofi.

Hukupata siku nyingine ya kulirekebisha. Kwenye chakula cha mazishi yako, mgeni mmoja alimshika Mama mkono, macho yamejaa machozi. "Mama, umeshamsamehe kwa kuimba nyimbo za dunia?" Mama akamsogezea sahani. "Kula kuku wako, mwanangu, anapoa."

Kila jioni tunamwomba Mungu atuondolee uchungu huu. Bado hajauondoa wote. Tunaamini uko Kwake, na Yeye hahitaji kusimuliwa, maana alikuwepo nasi sebuleni. Sisi tunachotaka ni Mama aweze kuingia kanisani na sokoni akiwa na jina lake safi, angali hai.

Mama hakutaka tuandike haya. Nilimsomea kabla ya kuyapeleka gazetini, akasikiliza mpaka mwisho amefumba macho.

"Umeandika kwamba alikuwa na roho nzuri?"

"Nimeandika, Mama."

"Basi peleka. Ila kwenye majina nianze mimi. Mimi ndiye niliyemzaa."

Unakumbukwa na mama yako, Icilda Peart, aliyekufundisha kuimba. Wanao, Corinne na Jerome. Kaka yako, Lascelles. Na waumini wenzako wote wa hapa nyumbani.

Daima utakuwa wetu.